Masundosundo kwa mdogo mtu, doa jeupe kwa dada mtu: kisa cha HPV kutoka Tanga

Kisa hiki ni cha ndugu wawili tumbo moja, wa hapahapa Tanga mjini. Mmoja alikuja kliniki analia akiamini ana kansa, mwingine alimsindikiza tu, na aliyesindikiza ndo aliyekutwa na kitu cha kushughulikiwa haraka. Mimi ni nesi, niko kitengo cha afya ya uzazi, wenyewe wameridhia niandike ila mtaa na kazi zao nimebadilisha na kituo sitakitaja. Nakiandika kirefu kwa sababu humu ndani mna karibu kila kitu ambacho watu wanakichanganya kuhusu HPV, kirusi cha masundosundo (vile vinyama vya sehemu za siri) na cha kansa ya mlango wa kizazi, na kubwa kuliko yote ni hili: HPV sio kirusi kimoja, ni ukoo, wako zaidi ya aina 200 na kila mmoja kapewa namba yake, na namba inayokuotesha vinyama vya kuonekana kwa macho sio namba inayokupa kansa.

Tuanze na mdogo mtu. Ana miaka 24, mimba ya kwanza, alipokuja ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Anasema mimba ikiwa bado changa alishika kitu kama kipele pembeni ya njia wakati anaoga, hakiumi, kinawasha tu kwa mbali, akakiacha. Baada ya muda vikawa vitatu, afu vikaungana, vikawa kishada chenye vichwavichwa, laini, rangi ya ngozi yenyewe. Akaenda duka la dawa, hakuangaliwa wala nini, akaelezea dirishani kwa aibu huku watu wako nyuma yake, akapewa vidonge vya antibiotiki, azuma na flajili, dozi akamaliza na vinyama vipo palepale. Somo yake akamwambia huo ni uchafu wa mimba, ajioshe kwa maji ya shabu asubuhi na jioni. Shabu ikamkausha ikamchubua, ngozi ikawa nyekundu, ikafika mahali kukojoa tu ni kilio. Shoga yake mmoja akamtumia voisi kwamba mama yake mdogo alianza hivohivo na akafia Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar. Hapo usingizi ukaisha kabisa. Na mume mtu, kijana wa bodaboda, alivoambiwa akauliza swali moja, umeyatoa wapi, akabeba begi akahamia kwa mama yake Mabawa.

Kwa hiyo alivofika kwetu alikuwa na mambo matatu kwa pamoja: vinyama, ngozi iliyochomwa na shabu, na ndoa iliyoondoka na begi. Dada mtu ndo aliyeongea kwa niaba yake.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba, karibuni mkae."

"Mwangalie huyu mdogo wangu, wanasema kansa ya kizazi. Hali, halali, mimba yenyewe hii."

Tulimpandisha kitandani, taa ikawashwa. Jibu lilionekana mapema, yale yalikuwa masundosundo ya kawaida kabisa, lakini kuna kitu kimoja lazima ukitoe njiani kwanza, nacho ni kaswende, maana kaswende nayo ikifika hatua ya pili inaweza kuotesha uvimbe sehemu za siri, wa bapa, mpana, wenye majimaji, na asiyezoea atauita chunjua. Ule haupakwi dawa juu, unatibiwa kwa sindano ya penisilini na mtoto tumboni yuko hatarini usipotibiwa. Kipimo chake ni cha damu na kila mjamzito anapimwa kliniki pamoja na VVU. Vyote viwili vyake vilikuwa salama. Huwa nawaambia mashoga zangu, ukiona kitu kimeota huko chini usikubali kupewa dawa na mtu ambaye hajakiona.

Sasa namba. Masundosundo, kama 90 katika kila 100, yanaletwa na HPV namba 6 na namba 11. Hizi mbili wataalamu wanaziweka kundi la hatari ndogo, maana yake zinasumbua, zinakera, zinaaibisha, zinaweza kurudi hata baada ya kutibiwa, ila kansa ya mlango wa kizazi sio kazi yake. Hatukumpima mdogo mtu kujua kama ni 6 au 11, na hakuna sababu ya kumpima, matibabu ni yaleyale na jibu lisingebadilisha chochote zaidi ya kumtoa hela. Ziko namba nyingine hazina hata habari na huko chini, 1, 2 na 4 mfano, hizo ndo za chunjua za vidoleni na nyayoni ambazo watoto wanazo tele na hakuna anayewauliza wamezitoa wapi.

Kwanini yalikua haraka vile? Mimba. Mwili wa mjamzito kinga yake inabadilika na damu inaenda kwa wingi sehemu zile, kwa hiyo masundosundo yaliyokuwa madogo yanapata nafasi ya kutanuka, na mara nyingi akishajifungua yanasinyaa, mengine yanaisha yenyewe. Daktari alisubiri kwanza ngozi ipone ile michubuko ya shabu, afu akawa anamgusishia asidi, ile ya TCA, kidogokidogo kwa kijiti, wiki kwa wiki. Dawa ya podofilini ambayo watu wanaijua sana na inauzwa, kwa mjamzito ni marufuku, inaweza kumdhuru mtoto, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wapo wanaojipaka nyumbani wakiwa na mimba.

Akauliza, "Kwa hiyo nitapasuliwa?" Hapana. Operesheni haifanywi kwa sababu ya masundosundo peke yake, labda yawe makubwa kiasi cha kuziba njia au ya kutoa damu nyingi. Ni kweli mara chache sana mtoto anaweza kuchukua namba 6 au 11 wakati wa kuzaliwa na baadaye akaota vinyama kwenye koo la sauti, unasikia mtoto sauti yake imekauka miezi inaenda na hapati nafuu, huyo apelekwe akaangaliwe. Lakini ni nadra, na kumpasua mama wa watu hakumpi mtoto uhakika wowote.

Mdogo mtu alivosikia sio kansa alilia upya, safari hii kwa kupumua. Ndo nikamgeukia dada mtu.

Dada mtu ana miaka 38, watoto wanne, anauza samaki wa kukaanga, mume wake mvuvi. Nikamuuliza, na wewe dada ushawahi kuangaliwa mlango wa kizazi? Akacheka. "Mi sina kitu nesi, hata kuwashwa siwashwi. Mgonjwa huyu hapa." Nikamwambia dada yangu, asiyewashwa ndo namtaka. Akasema leo hajajiandaa, ana samaki kaacha kwa jirani, atakuja wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo naijua, haifikagi. Aliyemshawishi sio mimi, ni mdogo wake, pale pale na macho yake mekundu akamwambia, "Mi nimevua mbele yao dada, wewe ndo uone haya?" Akapanda.

Kipimo chenyewe nikieleze vizuri kwa sababu uoga mwingi unatokana na kutokijua. Unalala, unawekewa spekulamu, kile kifaa cha kufungua njia ili mlango wa kizazi uonekane, unasikia baridi na kujaa, sio maumivu. Afu pamba iliyochovywa siki, asidi asetiki ya asilimia 3 mpaka 5, inashikizwa kwenye mlango wa kizazi kama dakika moja, inatolewa, tunaangalia kwa taa. Mlango wa kizazi usio na tatizo unabaki na rangi yake ya waridi. Seli zilizoanza kubadilika zinageuka nyeupe. Basi. Hakuna kukatwa, hakuna kuchomwa sindano. (Na siki ya kachumbari iache jikoni. Nimeshapokea mwanamke aliyejipitishia siki na ndimu kwa kusikia kwamba hospitali wanatumia siki, akaja kaungua. Siki hapa haitibu kitu, inaonyesha tu.)

Kwa dada mtu pamba ilipotoka kulikuwa na doa. Upande wa juu, linagusa pale kizazi kinapofungukia, jeupe zito, kingo zake zimechorwa wazi kabisa. Halitoi damu, mwanzo na mwisho wake vinaonekana, halijaingia ndani kwenye mfereji. Yeye alikuwa ananiangalia usoni mimi, sio taa.

"Ndo kansa hiyo?"

"Sio kansa dada. Ni seli zimeanza kubadilika, na zimeonekana mapema, zinaondolewa leoleo."

Ukweli mwingine uwekwe hapa, sio kila weupe ungekuja kuwa kansa. Mwingine ni uvimbe wa kawaida, mwingine ungejifuta wenyewe. Lakini tukimwambia mama wa samaki na watoto wanne arudi baada ya miezi kadhaa tuone umeendaje, harudi, na matibabu ya doa la aina ile ni mepesi kuliko gharama ya kukisia vibaya. Akafanyiwa ya joto, kifaa kinapashwa mpaka kama nyuzi 100 kinagusishwa juu ya doa kwa muda usiofika dakika moja. Alisema ni kama tumbo la siku zake, likapita. Tukampa maelekezo: majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa usishtuke, ukiona damu nyingi au homa au harufu mbaya njoo hata usiku, na tendo la ndoa usubiri mwezi mzima. Hapo ndo kwenye mjadala hasa. "Mwezi nesi? Yule akitoka baharini nitamwambiaje?" Tukampigia mume wake akiwa bado yuko nchi kavu, daktari akaongea naye kama mtu mzima na mtu mzima, na yule baba aliuliza swali zuri kuliko wengi, akauliza, "Sa kama hana dalili, alikuwa anajuaje?"

Hajui. Hilo ndo jibu, na ndo linaloua watu. Namba za hatari kubwa ziko kama kumi na mbili, 16, 18, 31, 33, 35, 39, 45, 51, 52, 56, 58 na 59, na hazioteshi kinyama cha kuonekana, haziwashi, haziumi. Namba 16 na 18 peke yake zinabeba kama asilimia 70 ya kansa zote za mlango wa kizazi. Namba 16 imekutwa pia kwenye kansa za koo, za njia ya haja kubwa na za uume, kwa hiyo wanaume wanaosema huu ni ugonjwa wa wanawake nao wasikilize. Kinachozitofautisha na akina 6 ni protini mbili zinazotengeneza, E6 na E7. Ndani ya seli zetu kuna walinzi, mmoja anaitwa p53 mwingine Rb, kazi yao ni kuisimamisha seli isijigawanye hovyo. E6 ya kirusi hatari inamvunja p53, E7 inamfunga Rb, seli inabaki kama bodaboda iliyokatwa breki inashuka mlima. Namba 6 na 11 nazo zina E6 na E7 ila zake ni dhaifu kwenye kazi hiyo, kwa hiyo nyama inaota na kuishia kuwa nyama.

Hata wanasayansi wenyewe walipita njia hiihii ya dada hawa wawili. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walikuwa wanashuku kansa ya mlango wa kizazi inaletwa na HPV wakati wengi walikuwa wanakisingizia kirusi kingine, herpesi. Walianza na kinachoonekana, wakaipata namba 6 kwenye masundosundo na namba 11 kwenye vinyama vya kooni, wakaenda kuzitafuta kwenye kansa, karibu kote hazimo. Wangeweza kukata tamaa. Wakaendelea kutafuta ndugu zake, 1983 wakaipata 16 na 1984 wakaipata 18, humo humo ndani ya kansa. Mwaka 2008 akapewa Nobeli. Huwa napenda sana hii habari.

Sio kila anayepata 16 anaumwa, na hili mlisome mara mbili. Watu wengi waliowahi kufanya ngono wameshapata HPV ya aina fulani maishani, na kati ya kila watu 10 kama 9 mwili unaisafisha wenyewe ndani ya miaka miwili. Shida ni ile inayogoma kuondoka. Ikikaa, kutoka kuingia mpaka kansa inachukua miaka 15 mpaka 20 kwa mwenye kinga nzuri, na kwa ambaye kinga imeshuka na hajatibiwa inaweza kuwa 5 mpaka 10. Ndo maana wanaoishi na VVU tunawaita waanze kuangaliwa wakiwa na miaka 25 badala ya 30, hatari yao ni kama mara sita. Miaka 15 ni mingi jamani. Ni muda wa kutosha kukamata kitu hiki mara tatu nne kabla hakijawa kansa, na bado Tanzania ndo kansa inayoongoza kwa wanawake, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Wengi wanafika damu zishaanza kutoka bila mpangilio au baada ya tendo, maji yananuka, kiuno kinauma, na hapo safari ni ya Dar kwenye mionzi.

Nirudi kwa mume mtu wa Mabawa. Aliletwa na mama yake mzazi, na yule bibi namheshimu mpaka leo, hakuja kumtetea mwanawe, alikuja kuuliza. Kijana akakaa ameinama, "Shikamoo mama," marahaba mwanangu, afu kimya. Nikamwambia hivi: hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema kirusi hiki kimeingia lini wala kimetoka kwa nani. Kinaweza kukaa kimya miezi, hata miaka, kabla ya kuota kitu. Mkeo anaweza kuwa alikuja nacho, wewe unaweza kuwa ulikuja nacho, na mwenye nacho hajui. Kinaambukiza kwa ngozi kugusana, kwa hiyo hata kondomu inapunguza tu, haizibi kote. Akakaa, akamwangalia mama yake, yule bibi akaelewa akatoka nje, ndo kijana akasema na yeye ana kitu kidogo pale chini cha muda mrefu, alidhani ni kipele cha kunyoa. Akaangaliwa na kaka wa zamu, ni sundosundo. Cha muda mrefu kuliko ndoa yao, kwa maneno yake mwenyewe. Simsemi kwa ubaya, ila mke wake alibeba aibu ya watu wawili peke yake kwa wiki nyingi, tena na mimba, na hilo liliniuma kuliko vinyama. Begi lilirudi.

Mdogo mtu akauliza kama anaweza kuchanjwa yapone. Chanjo haitibu, inakinga usichokipata bado, ndo maana inapigwa kwa mabinti kabla ya kuanza mambo hayo. Na hapo dada mtu akanyamaza, maana ana binti wa miaka 12 na shuleni walipokuja kuchanja alikataliwa na baba yake, mtaani wanasema inaleta utasa. Haileti utasa. Ndani ya ile sindano hamna kirusi, mna ganda lake tu lililotengenezwa, halina vinasaba, haliwezi kuambukiza wala kuzaana, linaufundisha mwili kumtambua adui. Tanzania ilianza nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, dozi mbili, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Chanjo zote zilizopo zina 16 na 18, baadhi zina 6 na 11 pia, na iko ya aina tisa inayoongeza 31, 33, 45, 52 na 58. Namba 35, ambayo inakutwa zaidi kwa wanawake wa Afrika kuliko kwingineko, haimo hata kwenye ile ya tisa, kwa hiyo aliyechanjwa akifika umri bado anapima. Baba mtu alishaelewa ile siku ya simu, binti akachanjwa.

Mdogo mtu kajifungua salama, kawaida, masundosundo yamebaki alama tu. Kwa umri wake na kwa kuwa hana VVU tumemwambia aanze kupima akifika 30. Dada mtu alirudi baada ya mwaka, siki ikawekwa, hakukuwa na weupe. Kapewa tarehe nyingine, na sasa analeta wenzake wa kwenye samaki. Wakifika dirishani wanasema tu "tumekuja kuangaliwa mlango wa kizazi", na hata ukiwa huna dalili yoyote sema hivohivo, utaelekezwa chumba.